SOMO LA MWEZI (UGANDA): ASIYEWEZA KAZI TENA ANA HAKI MBILI



Katika kambi za wakata miwa na wachuma chai nasikia neno moja mara kwa mara: "Nimelipwa na NSSF, basi yamekwisha." Kama uliumizwa na kazi, hayajakwisha.

Pesa za NSSF ni akiba yako mwenyewe. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anatoa asilimia 10 juu yake. Anayepata shilingi 200,000 anakatwa 10,000, mwajiri anaongeza 20,000. Kwa desturi unangoja mpaka miaka 55. Lakini ukipata ulemavu wa kudumu, wa mwili au wa akili, usioweza tena kukupatia riziki, unalipwa akiba yote pamoja na faida yake, hata kama una miaka 30. Haidhuru ugonjwa ulianzia kiwandani au nyumbani. Karatasi ya daktari iseme wazi kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Ile inayosema "apumzike" tu haitoshi.

Ubaya ni kwamba hulipwi pensheni ya kila mwezi. Unapata kilichowekwa, mara moja tu. Mwajiri asipopeleka pesa, hakuna kitu. Kwa hiyo ulizia hesabu yako ungali mzima! Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchanga, hata mwenye mfanyakazi mmoja.

Haki ya pili ni fidia, kwa sheria ya mwaka 2000. Hii hutoka kwa mwajiri au bima yake, kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi. Ulemavu kamili wa kudumu ni mishahara ya miezi 60. Kwa ndugu yetu wa 200,000, hiyo ni milioni 12. Daktari akisema asilimia 30, ni milioni 3 na laki 6. Mwajiri hawezi kusema, "Umekwisha kulipwa na NSSF." Hizo zilikuwa zako.

Ukiumia, mwambie msimamizi mbele ya shahidi, kisha peleka habari kwa ofisa wa leba wa wilaya. Usingoje mwezi uishe. Na usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa kitandani: mgonjwa hulipwa mshahara kamili mwezi wa kwanza, na mwajiri hana ruhusa ya kumwachisha kwa ugonjwa kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, mwite kwanza katibu wa tawi akusomee yote.