Jitu la Chuma Darasani: Riwaya ya Kisayansi kwa Vipindi Vitano

Mwanafunzi wa darasa la tatu au la nne hana shida ya kuliamini zimwi. Amelisikia katika ngano za nyumbani na analijua kwa njaa yake na kwa ukubwa wake. Kazi ya mwalimu ni kumtoa mtoto huyo kwenye kuogopa na kumfikisha kwenye kufikiri. Bunilizi ya kisayansi humsaidia katika kazi hiyo, kwa kuwa huchukua jambo moja lisilokuwepo duniani, ikalikubali kana kwamba lipo, kisha ikauliza: ikiwa mambo ni hivi, watu watafanyaje?

Makala haya yanaeleza namna ya kufundisha riwaya moja ya aina hiyo kwa vipindi vitano vya dakika 40.

Kitabu chenyewe

The Iron Man, yaani Jitu la Chuma, ni riwaya fupi ya mshairi Mwingereza Ted Hughes. Ilitolewa mwaka 1968. Nchini Marekani inajulikana kwa jina la The Iron Giant, na mwaka 1999 ilitoka filamu ya katuni yenye jina hilo, ingawa kisa cha filamu kinatofautiana sana na cha kitabu. Kwa miaka mingi imesomwa katika shule za msingi za Uingereza. Ina sura tano, na mwandishi aliipanga kama hadithi ya usiku tano. Mpangilio huo unamfaa mwalimu: sura moja kwa siku, kitabu kizima kwa juma.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Pale ambapo wanafunzi hawajaimudu lugha hiyo, mwalimu aisome sura mapema, kisha aisimulie kwa Kiswahili kama ngano. Nakala moja iliyo mkononi mwa mwalimu yatosha darasa zima.

Kipindi cha kwanza: kuvunjika na kujiunga

Jitu refu kuliko nyumba linafika usiku kwenye ukingo wa jabali kando ya bahari. Limetoka wapi, hakuna ajuaye. Linaanguka na kuvunjika vipande vipande ufukweni. Kisha mkono mmoja unalipata jicho, na viungo vinaanza kutafutana hadi mwili unasimama tena, ukiwa umepungukiwa sikio moja.

Wanafunzi wachore hatua za kujiunga huko kwa mfuatano. Wale wanaojua kuunda magari ya waya na makopo watatambua upesi kwamba mpangilio una maana: jicho lisipotangulia, mkono hauoni pa kwenda. Mwalimu achore mistari miwili ubaoni, mmoja wa mambo yanayowezekana na mwingine wa yasiyowezekana, na wanafunzi wayapange ya sura hii. Chuma kuvunjika kinapoanguka kutoka juu kwawezekana. Mkono kutembea peke yake hakuwezekani. Kwa zoezi hilo mtoto anajifunza kuitenga sayansi na ubunifu bila kukidharau kimojawapo.

Kipindi cha pili: shimo

Mwalimu aanze kwa kugonga msumari kwenye kipande cha chuma, polepole, bila kusema neno. Baada ya kimya, asimulie.

Jitu lina njaa, na chakula chake ni chuma. Linakula matrekta, plau na nyaya za seng'enge za wakulima. Wakulima wanachimba shimo kubwa. Hogarth, mtoto wa mkulima, ndiye anayeliita jitu kwa kugonganisha msumari na kisu. Jitu linaifuata sauti hiyo, linatumbukia, na wakulima wanalifukia kwa udongo.

Kabla ya kulisimulia shimo, mwalimu asimame na kuliuliza darasa: "Mngekuwa ninyi wakulima hawa, mngefanya nini?" Kila jibu liandikwe kwenye karatasi kubwa bila kusahihishwa. Wapo watakaosema jitu liuawe, wapo watakaosema lifukuzwe, na huenda akatokea mmoja atakayeuliza kwa nini halipewi chakula. Karatasi ibaki ukutani juma zima.

Kisha darasa litazame uso wa Hogarth. Wakulima wanafurahi, lakini mtoto huyo anaona uzito moyoni, kwa sababu ndiye aliyeliita jitu likaamini wito wake. Hasara ya wakulima ilikuwa ya kweli, kwani mkulima aliyepoteza trekta amepoteza msimu. Hata hivyo hila ilitumika dhidi ya kiumbe ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza kinataka nini. Mwalimu asitoe hukumu. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu ambazo Hogarth angemwambia mama yake jioni ile.

Kipindi cha tatu: vyuma chakavu

Familia moja inafanya mandari juu ya kilima kilichofunika shimo. Ardhi inapasuka, na jitu linatoka. Safari hii wakulima wanataka kuita jeshi, lakini Hogarth ana shauri jingine: jitu lipelekwe kwenye yadi ya vyuma chakavu. Huko linakula majiko, vitanda na minyororo iliyotupwa, likashiba na kutulia.

Hapa karatasi ya kipindi cha pili isomwe upya. Wanafunzi waone ni majibu gani yaliyofanana na shimo, na ni yapi yaliyofanana na yadi. Mwalimu anaweza kuileta methali ya "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" na kuliuliza darasa kama inalifaa jitu hili. Wapo watakaokubali, kwa kuwa jitu lilimjua Hogarth. Wapo watakaokataa, kwa kuwa Hogarth ndiye aliyejifunza kulijua jitu na njaa yake. Hoja ya pili ndiyo yenye kina zaidi, lakini mwalimu aache watoto waifikie wenyewe.

Suluhisho hili lina somo la huduma za jamii pia. Kitu kilichokuwa taka kwa mmoja kimekuwa chakula kwa mwingine. Watoto wengi wamewaona wanunuzi wa skrepa mitaani. Waulizwe chuma hicho huenda wapi, nacho huyeyushwa kikawa nini.

Kipindi cha nne: joka la angani

Nyota moja inaonekana ikikua kila usiku. Kumbe ni kiumbe kikubwa mno, mfano wa joka lenye mabawa, kinachotua na kuifunika Australia yote. Kinadai kulishwa viumbe hai. Mataifa yanakishambulia kwa silaha zao zote, na hakidhuriki hata kidogo. Ndipo Hogarth anapomkumbuka rafiki yake wa yadini.

Ramani ya dunia itundikwe ubaoni, na wanafunzi waitafute Australia ili wauone ukubwa wa joka. Swali la siku liwe hili: wakulima walijaribu shimo, mataifa yamejaribu silaha, njia hizi mbili zinafanana wapi?

Kipindi cha tano: shindano na wimbo

Jitu la Chuma linalipa joka changamoto. Jitu litalala juu ya moto wa petroli hadi liive kwa wekundu, na joka liende likalale juu ya Jua. Joka likishindwa, litalitumikia jitu. Joka linakwenda na kurudi likiwa limeungua, na mwishowe linakubali kushindwa.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na uso wa Jua una joto la takriban nyuzi 5,500. Jua lenyewe liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka duniani. Wanafunzi wakizipanga namba hizi watagundua kwamba shindano lililoonekana la haki halikuwa sawa hata kidogo. Jitu lilijua kupima.

Kisha linakuja fumbo la riwaya nzima. Joka likiulizwa kwa nini lilikuja, linaeleza kwamba lilikuwa roho ya nyota, na kazi yake ilikuwa kuimba. Lilivutwa na kelele za vita zilizopanda kutoka duniani. Kitabu kilitoka wakati mataifa makubwa yalikuwa yakitishana kwa silaha za nyuklia. Jitu liliitwa na msumari wa Hogarth. Joka liliitwa na vita vya wanadamu. Mwisho wa kisa, joka linapewa kazi ya kuzunguka angani usiku likiimba, na wimbo wake unawatuliza watu.

Kosa la kuepuka

Mwalimu mwenye haraka huandika funzo la hadithi ubaoni kabla ya sura ya kwanza: tuwe wema kwa wageni. Akifanya hivyo, mtoto hatakuwa na sababu ya kulitafuta jibu, atalinakili tu. Thamani ya riwaya hii iko katika muda ule mfupi kati ya njaa ya jitu na shauri la Hogarth, ambapo hakuna aliye na jibu. Muda huo usifupishwe.

Upimaji nao ufuate njia hiyo. Badala ya kuuliza jitu lilikula matrekta mangapi, mwalimu aombe aya moja: "Andika kuhusu kiumbe kisichojulikana kilichofika kijijini. Kina njaa ya nini, na nani atakuwa wa kwanza kukiuliza?" Alama zitolewe kwa sababu alizozitoa mwanafunzi, hata kama suluhisho lake si lile la kitabu.

Nyumbani

Mzazi hahitaji kukisoma kitabu ili asaidie. Jioni amwombe mtoto asimulie sura ya siku hiyo mbele ya wadogo zake, kisha amuulize swali moja tu: "Na wewe ungefanyaje?" Asikilize hadi mwisho. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo kuhusu jitu la chuma atakuwa na la kusema siku atakapokutana na tatizo la kweli ambalo wakubwa wanataka kulifukia.