SOMO LA MASHINE: PIKIPIKI KUUKUU ILIYOSHIKA INJINI

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja mwenye jamaa zake Chilangala, upande wa Newala, ameleta swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Marehemu baba yao ameacha pikipiki aina ya BSA M20, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1937, na ambayo zaidi ya 120,000 ziliundwa kwa ajili ya majeshi katika Vita Kuu ya Pili. Imesimama bandani miaka mingi, na kiki haishuki. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja na mizani yake, na warithi wawili wamekwisha kubali. Wa tatu asema, ngojeni. Sisi twaona huyu wa tatu amesema haki, kwani mali ya mirathi haipimwi kwa kilo kabla haijajulikana kama ni mgonjwa au ni maiti.

Sababu zake

Injini hushika kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kutu: maji au unyevu huingia kwa njia ya ekzosi au tundu la plagi, ukashika ukuta wa silinda. Ya pili ni joto: oili ilikwisha, pistoni ikavimba na kukwaruza silinda. Ya tatu ni masizi na oili iliyoganda, ambayo hushikisha ringi. Kule nyanda za Makonde mchanga laini huingia kila mahali. Huku kwetu visiwani adui ni hewa ya chumvi. Pikipiki iliyowekwa ikiwa nzima, kisha ikakutwa imeshika, aghalabu ugonjwa wake ni kutu, nao hutibika.

Matibabu

1. Jua kilichoshika. Toa gia, bana klachi, sukuma kiki kwa mkono. Ikishuka, na ukiachia klachi ikagoma, basi gia ni nzima na mgonjwa ni injini. Ikigoma hali zote mbili, huenda sahani za klachi zimegandana au gia yenyewe imeshika. Usilaumu pistoni kabla ya kupeleleza.

2. Fungua plagi. Safisha mchanga pembeni yake kwanza, usije ukaanguka ndani. Ikiwa ngumu, itie mafuta, ngoja, kisha ikaze kidogo sana kabla ya kuilegeza. Hivyo ndivyo ifanywavyo hata kwa nati zenye kutu.

3. Tia dawa. Changanya asetoni na oili nyekundu ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, umimine katika tundu la plagi. Ukikosa, tumia dizeli na oili nyepesi. Asetoni hushika moto upesi: fanya kazi nje, bila sigara wala kibatari. Kwa kuwa hupaa, tikisa chupa kila mara na uongeze dawa kila siku. Siku tatu ni chache. Juma moja au mawili si mengi.

4. Tikisa, usivunje. Tia gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, lisukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Usirukie kiki kwa uzito wa mwili, kwani meno yake yatakatika. Ikisogea unywele mmoja, shukuru, ongeza dawa, urudie kesho.

5. Maji ya moto. Silinda ni chuma, pistoni ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo mimina maji yachemkayo nje ya silinda, ili itanuke kabla pistoni haijapata joto. Ukichelewa, pistoni nayo itavimba na kubana zaidi. Acha ipoe, kisha rudia. Kule kutanuka na kunywea huvunja kutu.

6. Ikigoma bado, fungua kichwa cha silinda. Chonga gogo la mti mgumu, la mviringo, jembamba kuliko pistoni kidogo, uligonge polepole. Lakini tazama kwanza: ikiwa pistoni iko chini kabisa au juu kabisa, kugonga hakuzungushi krenki, huumiza beringi tu. Twamjua fundi mmoja, jina tunalihifadhi, aliyetumia nyundo na tindo. Pistoni ilitoboka, na mwenye mali akabaki na chuma chakavu kweli.

Ikisha kuzunguka

Usiiwashe siku hiyo. Mwaga oili yote, maana imechanganyika na dawa. Fungua silinda, tazama ringi, pima mikwaruzo, safisha kutu, tia oili mpya. Hapo ndipo warithi waite mtu wa kuithamini, kila mmoja apate fungu lake halali.

Kinga

Msimu ukiisha na pikipiki ikapumzishwa, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi, zungusha injini, iache pale unaposikia pumzi inabana, kwani hapo vali zote zimefungwa. Ziba ekzosi kwa kitambaa chenye oili, na uizungushe kila mwezi. Subira yavuta heri, lakini kinga ni rahisi kuliko subira.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini tunapasha moto silinda, si pistoni?
(b) Kwa nini hatugongi pistoni iliyo chini kabisa?
(c) Utajuaje kuwa kilichoshika ni klachi?

Katibu