Kusema kwa Upole na Binti Mwenye Usonji

Wako wazazi ambao binti yao husifiwa shuleni kwa utulivu, lakini akifika nyumbani huangua kilio kwa neno dogo tu, kama kuambiwa kwamba leo hakuna ugali, kuna wali. Watu husema, "Amedekezwa." Huenda sivyo. Huenda binti huyu ana usonji, nao si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo wake ulivyo tangu utoto.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na 3 kati yao walikuwa wasichana. Hata hivyo kwa miaka mingi jambo hili lilidhaniwa kuwa la wavulana, na hata leo wasichana wengi hutambuliwa wakiwa wamekwisha kukua. Sababu moja ni kwamba wengi wao huwatazama wenzao na kuwaiga, jinsi wanavyocheka, jinsi wanavyoamkiana. Kazi hiyo huwachosha mno. Nguvu zikiisha, mzigo huangushwa pale wasipoogopa, yaani kwa mama. Nanyi walimu, msiipime nyumba kwa utulivu wa shuleni.

Basi mzazi afanyeje maneno yanapokuwa magumu? Kwanza ajiangalie mwenyewe. Yafaa aketi, apumue polepole, aseme neno moja fupi, "Nimekusikia, mwanangu," kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu. Binti huhitaji muda wa kupanga jibu. Ukimwuliza swali la pili kabla hajajibu la kwanza, yote mawili yamempotea. Na akilia kwa kuzidiwa, acha maswali kabisa. Zima redio, waondoe wadogo zake, ngoja. Mafundisho hayaingii saa ile, na fimbo haifundishi ila hofu.

Wengine humlazimisha, "Nitazame usoni nikisema nawe!" Ajabu hii, kwani wazee wetu walitufundisha kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mwache atazame chini. Huenda ndivyo asikiavyo vizuri.

Tena, angalieni maneno yenu. Ukimwambia, "Naja sasa hivi," nawe ukakawia saa nzima, kwake umesema uongo. Ukisema, "Leo utakiona," atauliza ataona nini, nawe utadhani akudhihaki. Vivyo hivyo akisema mbele ya mgeni kwamba mchuzi una chumvi nyingi, mara nyingi hakusudii utovu wa adabu. Amesema kama ilivyo. Mfundishe baadaye, mkiwa wawili, ni maneno gani husemwa mbele ya wageni na yapi hungoja.

Mambo mazito, kama hedhi, yasingoje siku yenyewe. Mama au shangazi amweleze mapema, kwa majina yake hasa, amwonyeshe kitambaa na jinsi ya kukifua, kwani mafumbo yatamchanganya. Mazungumzo kama haya huenda vizuri mikono ikiwa na kazi, mkichagua mchele au mkienda kisimani bega kwa bega. Wako wasiopata sauti lakini kalamu wanaiweza. Mpe karatasi aandike, nawe umjibu kwa karatasi.

Na ukiahirisha neno, taja wakati: "Tutasema baada ya chakula cha jioni." Chakula kikiisha, hata kama wageni wamefika, mwite.