Kabla ya Kulipia Meza: Zijue Ofisi za Pamoja

Tangu iHub ifunguliwe jijini Nairobi mwaka 2010, ofisi za pamoja zimeongezeka, na bei hutegemea aina. Kwenye meza huria unakaa penye nafasi, jioni unabeba vitu vyako. Meza maalumu ni yako mwezi mzima. Chumba cha faragha kina mlango na kufuli. Wakili au mshauri nasaha anayetunza siri za wateja asivutwe na unafuu wa meza huria.

Kuna pia anwani tupu, bila kiti. Hapa wengi hukwama, kwani fomu ya leseni ya biashara huuliza jengo unalofanyia kazi. Soma mkataba pia: mara nyingi unapewa ruhusa ya kutumia nafasi, si upangaji, na notisi yaweza kuwa fupi.