SOMO: MNADA WA MTANDAONI NA GHALA LA CHAMA



Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho ya vyama vikuu vyetu huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Hapo zamani wanunuzi walitia bei zao katika sanduku, nalo likafunguliwa mbele ya wakulima. Sasa mnunuzi aweza kukaa Dar es Salaam, akaingiza bei yake asikanyage Newala wala Tandahimba. Huenda mwanachama akauliza: ikiwa soko limehamia hewani, ghala letu lina kazi gani tena?

Kazi yake imezidi. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, kinachoshindaniwa mnadani ni maandishi: uzito wa mzigo, daraja lake, na ghala ulimo. Mnunuzi aliyefika mwenyewe aliweza kutia mkono guniani na kupasua korosho kadhaa. (Wengine walijua kupasua zile mbovu tu, ili washushe bei.) Mnunuzi wa mbali hana ila kuamini karatasi, na karatasi hiyo huanzia kwenye mzani wa chama cha msingi.

Chukua mfano wa unyevu. Korosho za wanachama wengi huuzwa pamoja katika mzigo mmoja. Mmoja akileta magunia mabichi nasi tukayapokea kwa kumwonea haya, uzito utapungua yakiwa njiani na ghalani, ubora utashuka, na hasara itawaangukia wote, hata yule mjane aliyeanika zake siku tatu. Kwa hiyo karani achome bambo juu, katikati na chini ya gunia. Korosho iliyokauka vema husikika ikicheza ndani ya ganda inapotikiswa. Mbichi zirudishwe mkekani, hata zikiwa za mwenyekiti.

Mzani nao ukaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu, si baada ya ugomvi.

Siku ya mnada, katibu awasomee wanachama bei zote zinazoonekana katika kioo, pamoja na namba ya mzigo wao, kabla hawajaulizwa kama wanakubali kuuza. Wapo wasioweza kusoma kioo hicho kutoka viti vya nyuma.

Swali la kujadiliwa: Katika chama chenu, nani ana mamlaka ya kukataa gunia bichi, na je, amewahi kuyatumia?