Wadau Wamejaa, Mlangoni Hakuna Kitu

"Mzee, mimi ni mpiga bezi wa bendi moja hapa Morogoro. Mchana nauza vipuri vya magari Msamvu. Kila Ijumaa tunapiga kwenye baa moja Kihonda, kiingilio shilingi 5,000. Ijumaa iliyopita waliolipa walikuwa 38, na ndani tulihesabu watu 80. Tukalipa mitambo ya kukodi 80,000, gari la vyombo 40,000, kilichobaki tukagawana watu wanane. Nikaondoka na shilingi 8,750, nikafika nyumbani alfajiri. Sasa mwenye baa anasema mwezi ujao ataleta DJ, kwa kuwa DJ ni mtu mmoja na hadai gari. Mpiga solo wetu naye ameaga, anakwenda kupiga harusini juu ya CD. Kwa hasira nikaandika kwenye status kwamba watu wa Morogoro hawapendi vya kwao, wanasubiri msanii atoke Dar ndipo wavunje kibubu. Rafiki yangu wa tangu shule, ambaye hajawahi kukosa Ijumaa yetu, amenuna, hanisemeshi. Mke wangu anasema niuze gitaa. Nifanyeje? Au ni kweli muziki wa laivu umekufa?"
Mpiga Bezi, Morogoro

Kijana wangu,

Nianze na rafiki yako. Ulikusudia kuwagombeza wasiokuja, lakini wanaosoma status yako ni walewale wanaokuja. Mashabiki wa huyo msanii wa Dar hawana namba yako, na wengi wao hawajui kama upo duniani. Aliyechomwa ni mtu anayekaa meza ya mbele kila wiki, anayeagiza bia mbili za kulinda heshima na kupiga makofi hata pale kinanda kilipokosea kuingia. Futa maneno hayo, na usiweke mengine ya kujisafisha. Nenda kwake, mwambie umekosa, basi. Ukishasamehewa, muulize jambo moja kwa upole: Ijumaa huwa analipa, au huingia kwa jina lako?

Nauliza hivyo kwa sababu ya hesabu uliyoniandikia mwenyewe. Ndani watu 80, waliolipa 38. Hao 42 ni akina nani? Sijawaona, lakini nawajua. Yuko shemeji wa mpiga tumba. Yuko kijana aliyesaidia kushusha spika, pamoja na wenzake watatu ambao hawakushusha kitu. Yuko mpiga picha ambaye picha zake hamjawahi kuziona, na mzee mmoja aliyewahi kupiga kinanda zamani, bado anaitwa bosi. Wote ni wadau. Mdau akifika mlangoni hasimami, anasema "niko na bendi" huku anatembea, na aliyekaa na tiketi anaona haya kumshika mkono.

Watu 42 kwa 5,000 ni shilingi 210,000, zaidi ya zile 190,000 mlizokusanya. Kwa hiyo usiniambie Morogoro haikuja. Ilikuja, nanyi mkaifungulia mlango wa bure. Muziki uliokufa haudandiwi na watu 42 usiku mmoja.

Dawa yake ni chungu kwa sababu inawagusa ndugu. Mlangoni asikae mwanabendi, wala mke wa mwanabendi, wala mtoto wa shangazi wa mtu. Tafuteni mtu mwenye uso mkavu, mumlipe 10,000, apewe kitabu cha tiketi zenye namba. Kila mwanabendi awe na mgeni mmoja tu, jina liandikwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wanabaki wadau 34. Tuseme nusu yao wanasusa na kuondoka, nusu wanalipa. Toa mitambo, toa gari, toa huyo wa mlangoni: kila mmoja wenu anaondoka na zaidi ya 18,000. Si utajiri huo, lakini umezidi mara mbili ya ulichopata, na hujaongeza msikilizaji hata mmoja. Waliosusa watarudi. Hawana mahali pengine pa kuitwa bosi.

Watu wa umri wangu watakwambia zamani watu walipenda muziki kuliko sasa. Walipenda, sikatai, ila wanaosimulia husahau nani alikuwa analipa mishahara. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Mlimani Park, ile ya Sikinde, ilianza 1978 na baadaye ikawa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Ijumaa mbovu haikumfanya mpiga bezi wa NUTA auze gitaa; gitaa lenyewe halikuwa lake. Mashirika yalipoishiwa nguvu na kuanza kujitoa, bendi nyingi zilibaki zinategemea kiingilio na hisani ya mwenye ukumbi. Wewe umeikuta kazi hii ikiwa hivyo. Mwajiri wako ni ule mlango, ndiyo maana nakusumbua nao.

Na kwa mtu wa Morogoro kulalamika kwamba mji wake haupendi vya kwao, samahani, hapo sikubaliani nawe kabisa. Mji huohuo, ukiwa mdogo kuliko ulivyo leo, ulibeba Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah kwa wakati mmoja. Kutoka Morogoro Jazz akatokea Mbaraka Mwinshehe, na 1970 bendi ikafika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo. Sidhani kama bendi moja pekee ingeweza kuuchangamsha mji kiasi kile. Zilikuwa mbili, na mtu alikuwa wa huku au wa kule. Dar nako kukawa hivyo baadaye. Sikumbuki kumsikia mtu akijiita shabiki wa muziki wa dansi. Alikuwa wa Sikinde au wa Msondo, na shabiki wa Msondo alizijua nyimbo za Sikinde barabara, maana angezipondaje bila kuzijua?

Sasa nikuulize wewe. Hapo mjini kuna bendi za hoteli, kuna vijana wa vyuo wanaopiga, kuna kwaya zenye wapiga magitaa ambao mkisimama nao jukwaani mtatoka jasho. Mara ya mwisho kulipa kiingilio kwenye shoo ya mwenzako ilikuwa lini? Hakuna wadau wakubwa kama wanamuziki wenyewe. Nimewaona miaka yote: mnaingia bure kwa wenzenu, mnasimama nyuma karibu na kaunta mmekunja mikono, mnasubiri mtu akosee. Halafu mnauliza kwa nini watu hawawaungi mkono.

Anza wewe. Ijumaa mko kazini, lakini kuna siku nyingine sita. Chagua bendi moja, lipa, usijitambulishe, kaa mbele, cheza wimbo mmoja hata kama huwezi kucheza. Utasema ni hela ileile inazunguka mifukoni mwa wanamuziki. Ndiyo, izunguke. Mtu mgeni akichungulia ukumbini akakuta uwanja wa kuchezea mtupu na meza zote zimesogezwa ukutani, anageuza bodaboda. Akikuta watu kumi wanacheza, anauliza kiingilio.

Mkishazoeana, unganeni. Mitambo ya 80,000 na gari la 40,000 ni mzigo kwa bendi moja, ni nafuu kwa mbili. Ijumaa moja kwa mwezi pigeni bendi mbili jukwaa moja, drams zilezile, fundi mitambo yuleyule, na tangazo liseme wazi kwamba ni mpambano. Wekeni ubishi kidogo, watu wapate upande wa kushabikia. Na tangu treni ya SGR ianze safari 2024, mtu wa Dar anaweza kufika kwenu kwa muda anaoumaliza kwenye foleni ya kwenda Mbagala, kwa hiyo tangazo lenu lisiishie Msamvu.

Tuje kwa mwenye baa. Huyo hauzi muziki, anauza bia na kuku wa kuchoma. Ukimwendea na hoja ya utamaduni wetu atakuitikia kwa heshima zote, kisha atampigia DJ. Mwombe akuoneshe mauzo ya kaunta, Ijumaa mkipiga na siku isiyo na bendi. Kama Ijumaa inazidi, na kwa watu 80 lazima inazidi, basi mwombe achukue gharama ya mitambo na nyie mbaki na mlango. DJ mwenyewe si adui. Mwacheni apige mkipumzika, na aendelee mkishashuka jukwaani.

Ila kuna jambo mmemfanyia huyo bwana ambalo hukulitaja. Kama ulifika nyumbani alfajiri, nahisi mnapanda jukwaani saa tano usiku, mkishangaa mbona watu wanasinzia. Morogoro ni mji wa wakulima, walimu na wenye maduka. Jumamosi ni siku ya kazi. Anzeni saa mbili na nusu kwa nyimbo za taratibu, sebene lije saa nne, saa sita mfunge. Majirani watawapenda, na watu wa NEMC, baraza la mazingira, hawatakuwa na safari ya kuja kupima kelele zenu.

Kuhusu tunzo hukuniuliza, lakini naijua safu ya nyuma inavyoumia. Mama anainuka mezani na kitenge chake kipya, noti ya 2,000 ameinyanyua juu, anakuja kwa mwendo wa ngoma mpaka mbele, anamzunguka mwimbaji mara moja, anambandika usoni, anarudi kwa hatua zilezile huku meza nzima inashangilia. Muda wote huo wewe uko kule nyuma karibu na drams, dakika ya kumi unakokota noti zilezile nne, na hakuna atakayekufikia. Wewe ukiacha kupiga, mama naye ataishia njiani. Kubalianeni kabla ya shoo, na si baada, kwamba nusu ya tunzo inaingia kwenye chungu cha bendi. Mwimbaji akikataa, mwambieni siku moja aimbe bila bezi asikie.

Mpiga solo msimwite msaliti. Mwaka 1985 International Orchestra Safari Sound iliwachukua Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka Mlimani Park, waimbaji waliokuwa roho ya bendi, na Sikinde haikufa. Baadaye Bitchuka alirudi. Wanamuziki wa dansi wamehama tangu zamani, na njaa haina bendi. Harusini analipwa kabla keki haijakatwa, na usiku wa manane yuko kitandani. Mwombeni abaki na Ijumaa, harusi nyingi ni Jumamosi na Jumapili. Asipotaka, mpeni nafasi kijana wa kanisani, mumfundishe.

Nyimbo pia mziangalie. Nina hakika mnapiga kopi usiku kucha, na mnazipiga vizuri. Lakini kopi hata DJ anayo, tena anayo na sauti ya mwenyewe. Kila mkipanda jukwaani wekeni wimbo wenu mmoja au mbili katikati ya zile zinazopendwa, mrudie hizohizo kila wiki mpaka wale 80 wajue viitikio vyake. Hicho ndicho kitu pekee mtakachokuwa nacho Kihonda ambacho DJ hawezi kukileta.

Mkeo sidhani kama analichukia gitaa. Anachukia alfajiri na 8,750. Mkifunga saa sita na ukafika na 18,000, mazungumzo yatabadilika. Mwalike siku moja kama mgeni wako mmoja wa halali, mwandike jina. Gitaa usiuze, na duka la vipuri usiache.

Mkishaweka hayo sawa, mwombe mwenye baa Ijumaa nne kabla hajafunga mkataba na DJ. Zikipita nne mlango ukiwa bado mkavu, mwachieni DJ Ijumaa, nanyi ombeni Jumapili jioni, watu wakiwa na familia na soda. Halafu angalia kalenda. Ramadhani bendi nyingi hupumzika, nanyi pumzikeni, tumieni mwezi huo kumfundisha huyo wa solo mpya na kumalizia nyimbo zenu. Idd Mosi kila ukumbi unatafuta bendi, na ukumbi usioipata ndio hukimbilia DJ. Wahi kuweka miadi sasa, na kwa siku hiyo kiingilio kisipungue 10,000.