Usigombane na Ami kwa Sababu ya Magari

Wiki hii sikuletewa habari ya posa wala ya wifi. Binti wa miaka 21, anayemsaidia ami yake kwenye duka la leso Biashara Street, anasema wamenuniana kwa sababu ya magari ya mashindano. Yeye ni mpenzi wa langalanga, hakosi duru hata moja ya Formula 1, na Safari Rally anaifuata tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Ami yake ni mtu wa Safari ya zamani. Kila alasiri wenziwe wakishakaa kibarazani na kahawa chungu ikishamiminwa, humwita binti aje asikie: haya ya siku hizi ni michezo ya watoto, mbio zilikwisha na kina Joginder. Mwezi uliopita binti akachoka, akajibu mbele ya wote kwamba huyo Joginder leo asingeingia hata kumi bora. Wazee wakacheka. Ami hakucheka. Tangu siku hiyo maneno yao ni ya kazi tu: shusha jozi ile, mpelekee fundi hii aipinde, hesabu ya leo iko wapi.

Anauliza nani mwenye haki, na kama yampasa kuomba radhi.

Mdogo wangu, naanza nawe kwa kuwa ndiwe uliyeniandikia. Kupenda langalanga si kosa. Kosa ni kumtweza mtu ambaye habari zake hukuzitafuta. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Safari ya 1965 aliishinda na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwishatumika na wengine. Mwaka 1974 alikuwa na Mitsubishi Lancer ndogo, na aliyemfuata nyuma alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche. Akashinda tena 1976. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Hiyo 19 ndiyo uiangalie sana, kwa sababu kumaliza kwenyewe kulikuwa kazi: mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi saba, na mwaka 1968 yakaondoka 93, yakarudi saba vilevile.

Ujue mashindano yalikuwaje. Yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakazoeleka kuwa ya Pasaka, msimu wa mvua. Ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na barabara haikufungwa. Dereva alikutana na basi la abiria, ng'ombe, lori lililokwama, daraja lililochukuliwa na maji. Akinasa kwenye tope, aliyemsukuma ni mwananchi aliyekuja kutazama. Gari lilipewa alama za adhabu kwa kila dakika ya kuchelewa kituoni, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawasawa, baada ya mwendo wote ule! Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuja kuishinda Safari mara tano. Ami yako anapomtaja Joginder au Mehta, anakutajia watu waliokaa hapa petu, waliolijua tope letu, wakawashinda waliotumwa na viwanda vya Ulaya.

Sasa ami, najua gazeti hili linafika hapo kibarazani, kwa hiyo nawe nikuambie kwa heshima. Huyo binti hakosei anapopenda anachokiona. Safari ya sasa ina kati ya kilomita 320 na 390 za mashindano, nyingi zikizunguka Naivasha, na barabara hufungwa. Kwa kuwa ni fupi, hakuna pa kupumua. Zamani dereva mwerevu alilitunza gari, akangoja wenye pupa waharibikiwe. Leo muda unahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na anayengoja ameachwa. Mwelekezi anamsomea dereva kila kona kutoka kwenye daftari, na dereva anaingia konani kwa imani ya sauti ile, haoni kilicho mbele. Na usidhani ardhi imekuwa laini kwao. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka Jumapili, siku ya mwisho, akiwa anaongoza. Mkondo wa kwanza wa asubuhi ukamvunjia gari upande wa nyuma, na Sébastien Ogier akaondoka na ushindi. Kule Kedong kuna vumbi laini kama unga wa ngano, linaficha mawe, na likiingia kwenye injini ndiyo basi tena. Ami, hilo unalijua kuliko mimi.

Langalanga nayo ina ugumu wake. Qatar mwaka 2023, mafundi wa McLaren walibadilisha magurudumu yote manne ya gari la Lando Norris kwa sekunde 1.80. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za fundi aliyelala chini ya gari porini, hilo laweza kuonekana ni mazingaombwe ya pesa. Ni mazoezi, watu wakirudia jambo moja mpaka mkono haukosei.

Na kuna jambo moja sitalipunguzia uzito kwa ajili ya mzee yeyote. Tarehe 29 Novemba 2020, kule Bahrain ambako wengi wetu tuna jamaa, gari la Romain Grosjean lilipasua ukuta wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto karibu nusu dakika, akatoka mwenyewe, mikono imeungua. Kile chuma kilichopinda juu ya kichwa cha dereva, ambacho wapenzi wa magari ya zamani walikilaumu kwa sura mbaya kilipoletwa 2018, ndicho kilichomlinda kichwa. Mwaka 1970 Jochen Rindt alitangazwa bingwa wa dunia akiwa amekwishazikwa. Nikisikia mtu anasema mbio zilikuwa tamu zaidi dereva alipokuwa karibu na kifo, moyo wangu unakataa. Zipendeni zile mbio kwa ujuzi na uvumilivu wake. Yatima hawakuongeza utamu wowote.

Kwa hiyo mkiulizana nani zaidi, mtabishana mpaka muuza kahawa aondoke. Joginder alipewa mtihani wa kufika. Ogier anapewa mtihani wa kutopoteza hata nukta. Mpimeni kila mmoja kwa mtihani wake.

Mdogo wangu, radhi uombe. Usiombe kwa kupenda Formula 1, omba kwa kumjibu mzee mbele ya wenziwe. Usingoje alasiri wakiwepo. Nenda asubuhi mnapofungua duka, mpe mkono, sema neno lako fupi, kisha muulize: ulisimama wapi kutazama Safari? Gari gani lilipita kwanza? Nani alikupeleka? Muulize ukiwa na simu mkononi, umrekodi akikuruhusu, maana wengi waliosimama kando ya barabara zile wanaondoka na hakuna aliyewaandika.

Baadaye umwonyeshe video ya kamera ya ndani ya gari, mkondo mzima wa Naivasha, sauti juu ili amsikie mwelekezi. Usimweleze kitu. Na Safari Classic ikija tena pwani, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa 2003, mpeleke. Atakutana na Datsun na Escort za ujana wake. Waldegård, yule aliyeachwa na Joginder 1974, alirudi akaishinda Classic ya 2011 katika Porsche 911, akiwa na miaka 68, na mwelekezi wake alikuwa mwanawe Mathias. Nina hakika ami atakipenda kisa hicho.

Mzee mwingine hapo akikuambia magari si mambo ya wanawake, mjibu kwa adabu kwamba Anne Hall na Lucille Cardwell walikuwa wa tatu katika Safari ya 1961, na Michèle Mouton na Fabrizia Pons wakawa wa tatu 1983. Hiyo ni Safari yao wenyewe, ya zamani.

Anza kesho asubuhi, kabla wanunuzi wa harusi hawajajaa. Kisha uniandikie alikuambia nini juu ya 1974.